Weusi wa Sarafu ya Mama

Xuân Trường,
Nam Định.
9 Novemba 2019

Mpendwa Dada Thoa,

"Bado kuna weusi pembeni, baba. Sugua tena tu, sarafu haiishi kwa kusuguliwa."

Hayo ni maneno yako ya Jumapili iliyopita, saa tisa alasiri kwa saa za huku. Nimeyaandika juu kabisa, kabla hata ya salamu, ili baadaye usije ukasema hukuyasema. Nilikuwa jikoni nikiosha mboga, nikayasikia yote. Sarafu inaisha, dada. Nitakuonyesha kwa gramu. Lakini kwanza nikusalimu kama mtu aliyelelewa na mama yule yule aliyekulea wewe.

Hujambo? Shemeji Tuyển hajambo? Mgongo wake umepata nafuu tangu aache kubeba maboksi ya duka? Khuê na Lân wanaendeleaje na masomo, na je, bado wanajibu kwa Kicheki wakisemeshwa kwa lugha yetu? Huko Plzeň najua baridi imeshaingia. Vaa soksi mbili. Mama angekwambia hivyo, na sasa hakuna mwingine wa kukwambia, kwa hiyo nakwambia mimi.

Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Miên analalamika goti, ila halimzuii kupanda ngazi kunitafuta mimi mumewe akitaka kugombana. Ile dawa ya viungo uliyotuma imefika. Yeye anaipaka, baba anaikataa, anasema inanuka hospitali. Mpunga tumevuna salama. Bata watatu wameibiwa, au wamehama kwa hiari yao, majirani wanatofautiana. Upepo wa kaskazini umeanza kupiga juzi na baba amevaa lile koti la kahawia ulilomtumia. Anakula kidogo.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mbili. Kwanza, nyumba hii ina simu moja yenye kioo kikubwa na masikio ya baba bado ni mazima. Pili, mimi na wewe tukizungumza kwa simu tunagombana kabla ya dakika ya nne, na mara nyingi ninayeanza ni mimi. Bi Hường wa duka la dawa anasafiri Jumatano kwenda kwa mwanawe huko huko kwenu. Ameahidi kukupa barua hii mkononi. Isome ukiwa peke yako.

Sasa tuje kwenye hoja yako.

Umemtumia baba video ya kijana mwenye glavu nyeupe anayepaka sarafu dawa ya meno, kisha magadi, kisha maji ya limau, na muziki unapigwa kana kwamba ni harusi. Baba ameitazama mara nyingi hata Miên ameshika wimbo. Sikiliza, dada. Dawa ya meno ni mchanga. Ni mchanga laini sana, lakini ni mchanga, na fedha ni madini laini. Kila unaposugua, unachokiona kiking'aa ni jeraha jipya. Kijana yule haonyeshi sura ya sarafu kwa karibu baada ya kumaliza, anaipitisha haraka mbele ya taa. Mimi nimeandika dhidi ya watu kama yeye kwa miaka kumi na tisa katika jarida letu la wakusanyaji, na wapo wazee wa Hanoi ambao hawanisalimii mpaka leo kwa sababu niliwaita wachinjaji.

Na gramu ni hizi. Mwezi wa tatu nilimpelekea sonara wa sokoni sarafu ile, akaipima: ishirini na sita na nukta nane. Alhamisi iliyopita nimeipeleka tena, nikimwambia baba naenda kunyoa: ishirini na tano na nukta tisa. Karibu gramu nzima imekwenda na maji ya kuoshea. Yule Bibi Mzungu aliyechorwa ameketi juu ya sarafu hii ya enzi za wakoloni, ambaye tulimfahamu tangu utotoni, pua yake ilitoweka mwezi wa sita. Miale ya kichwani ilifuata mwezi wa nane. Vidole vimeungana kuwa kiganja kama cha bata. Mwaka wa 1907 sasa unasomeka kumi na tisa na kitu.

Ungekuwa mtu baki, ningekuchapa ukurasa mzima jaridani na ningelala usingizi mzuri. Lakini wewe hujui baba anasugua nini. Unadhani anaiandaa sarafu ya mama iwekwe kwenye meza ya mababu siku ya kumbukumbu ya mwaka, kwa kuwa ndivyo alivyokwambia. Na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake akikwambia, nikanyamaza. Miezi minane nimenyamaza, mimi ambaye Miên ananiita redio. Leo nasema.

Unaikumbuka sarafu hiyo ilipokuwa kazini. Mtoto akipigwa na upepo mbaya, mama anachemsha yai, analimenya, anatoa kiini, anatia sarafu ndani ya ute mweupe, anafunga vyote kwa leso, na anaanza kumchua: paji la uso, shingo, mgongo, viganja, nyayo. Yai likipoa analichovya tena kwenye maji ya moto. Akimaliza anafungua leso na sisi sote tunainamisha vichwa kutazama. Sarafu iliyoingia nyeupe imetoka nyeusi. Naye anaisoma kama mtu anayesoma barua: huu ni upepo wa asubuhi, huu umeupata mtoni, huyu alilala na nywele mbichi.

Kisha ilikuwa zamu yako. Ndiyo maana nakuandikia wewe na si mwingine. Kazi ya kuitakatisha ilikuwa ya binti mkubwa. Ulikuwa unaikimbiza hadi jikoni, unachota jivu la mabua ya mpunga, unaisugua kwa kidole gumba, unaisuuza, halafu unarudi mbio kuisimamisha mbele ya macho ya mgonjwa na kusema kwa sauti ile yako ya kutangaza mnada: "Imetakata." Na mama anasema, "Basi mpeni uji." Kabla ya neno lako hakuna uji. Ugonjwa ulikuwa bado umo ndani ya sarafu, na ukiachwa humo mpaka jua lizame ungerudi kwa mwenyewe. Nadhani nusu ya homa zangu zilipona kwa harufu ya vile vitunguu vya uji, vikinisubiri umalize.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipoamua kumkomesha mama kwa sayansi. Nilikuwa nimesoma kitabu cha shule kwamba yai lina salfa na kwamba salfa huigeuza fedha kuwa nyeusi. Nikaiba yai, nikalichemsha, nikafunga leso kama yeye, nikalichua benchi la ukumbini. Kwa dakika ishirini nililichua benchi, dada, miguu yote minne. Nikamwita mama mbele yako na mbele ya Shangazi Nhài, nikafungua leso.

"Tazama, mama. Nyeusi kabisa. Kumbe hata benchi lina homa."

Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Shangazi alisema, "Huyu atakuwa wakili au mfungwa." Mama aliitazama sarafu, akanitazama mimi, akaniambia bila hasira yoyote:

"Haya. Isafishe, benchi nalo lipone."

Na hakunipa chakula mpaka nilipoisafisha. Nilidhani nimeshinda ubishi ule. Nimeusimulia mara nyingi kwenye meza za watu, na kila mara nikaumalizia kwenye kicheko chako. Sentensi ya mama nilikuwa naikata.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa tarehe tisa Januari, alasiri, mvua ile nyembamba kama vumbi. Mama alikuwa anatetemeka tangu asubuhi na kikohozi kimemkaba. Baba alichemsha yai, lakini mikono yake inatikisika, ikabidi nimchue mimi. Mwanamume wa miaka hamsini na tatu, sikuwa nimeushika mgongo wa mama tangu utoto. Sikujua umebaki mdogo hivyo. Uti wake ulikuwa unahesabika kwa kidole. Alilala kifudifudi, uso kwenye mto, akinielekeza: juu kidogo, hapo, usiogope, sivunjiki.

Nilipofungua leso, sarafu haikuwa nyeusi.

Nitajaribu kukueleza, ingawa sijui kama mtu asiyekusanya sarafu anaweza kuelewa. Pembezoni ilikuwa zambarau. Katikati, buluu ya shingo ya njiwa. Na kuzunguka miale ya yule Bibi kulikuwa na uzi wa dhahabu, mwembamba, usiokatika mahali popote. Salfa ikikaa kwa unene fulani juu ya fedha hucheza na mwanga namna hiyo. Inatokea mara moja kwa bahati, na watu hungoja maisha yao yote waione. Kanuni yangu, ambayo nimewapigia kelele wenzangu miaka kumi na tisa, ni moja tu: usisafishe. Rangi ile ni historia ya sarafu. Nilichopaswa kuona mkononi mwangu ni ugonjwa wa mama. Nikaona sarafu nzuri kuliko zote nilizowahi kuzishika.

Mama aliuliza bila kugeuka, "Imetakata?"

Nilikuwa nimeshaifunga kwenye kitambaa safi na kuitia mfuko wa shati.

"Imetakata, mama," nikasema.

"Basi nipe uji."

Miên akaleta uji. Mama alikula vijiko vitatu, akasema una chumvi nyingi, akalala. Siku ya nane akafia hospitali ya mkoa. Wewe ulifika siku ya pili ya msiba kwa sababu ya theluji, nami nilikupokea kituoni nikakwambia ilikuwa mapafu, na umri, miaka themanini na miwili. Nilikwambia kweli. Daktari alituonyesha picha. Yai halikumuua mama wala jivu lisingemwokoa, na hilo nitalitetea mbele ya yeyote, hata mbele yako.

Siku ya arobaini na tisa tangu mama afe, ulipokuwa umesharudi Plzeň, baba alisimama sana kaburini kwenye manyunyu. Tuliporudi akaanza kupiga chafya na meno kugongana. Shangazi Nhài akasema, "Mleteni Bibi wa sarafu, kaka amepigwa na upepo." Nikaenda kabatini kwangu bila kufikiri. Nilikuwa nimeiweka katika mfuko wangu wa plastiki, ule mgumu wa wakusanyaji, na juu yake nimebandika karatasi kwa mwandiko wangu mzuri. Nikampa Shangazi. Baba akaichukua mkononi mwake, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kama anavyosoma kila kitu, hata pakiti za chai:

"Piasta ya fedha. 1907. Rangi ya asili. Haijasafishwa."

Akaigeuza. Akasoma tena neno la mwisho.

"Haijasafishwa tangu lini?"

"Tangu siku ile, baba."

"Siku ipi?"

Nikageuka kwenda kuchemsha yai.

"Doanh," Shangazi akasema, "babako anakuuliza siku ipi."

"Siku ya mama."

Baba akaitoa sarafu kwenye plastiki. Haikuwa rahisi, vidole vyake unavijua, lakini hakuna aliyethubutu kumsaidia. Hakupandisha sauti. Alisema, "Nilikuwa mlangoni nimeshika beseni. Nilimsikia akikuuliza. Na nilikusikia ukimjibu."

Hayo tu. Kisha mgonjwa mwenyewe akainuka, akaenda nyumbani kwa Shangazi kuchukua jivu, kwa kuwa jikoni kwetu ni gesi siku hizi, akakaa kwenye kibaraza akaanza kusugua. Zambarau ilikwenda kwanza. Nilisimama nikaitazama ikienda. Na nitakwambia aibu yangu yote, kwa kuwa nimeamua kukwambia: kwa muda mfupi, dada, nilichokiona kinaharibika ni sarafu.

Tangu siku hiyo hajaacha. Asubuhi baada ya chai, alasiri baada ya usingizi wake. Jivu likiisha anasaga tofali. Ulipomletea habari za dawa ya meno akanunua mirija sita. Ngozi ya kidole gumba imechanika na haifungi. Hatii chakula chochote kinywani mpaka amalize duru yake, na akimaliza anaigeuza kwenye mwanga, anaona doa ambalo mimi silioni, na uji unapoa. Koti lako la kahawia, ambalo mwaka juzi lilimbana, sasa analifunga kwa mkanda. Nilikuandikia hapo juu kwamba anakula kidogo. Nilikuwa najitia moyo. Anakula chakula cha ndege.

Nimejaribu njia yangu. Iko namna ya kuisafisha fedha bila kuikwaruza: unatandika karatasi ya alumini ya jikoni ndani ya bakuli, unalaza sarafu juu yake, unatia magadi na maji yanayochemka. Salfa inaiacha fedha na kuhamia kwenye alumini. Hakuna kusugua, hakuna gramu inayopotea. Nilimwita baba mwezi wa nne atazame. Maji yalitoa mapovu, na ile nyeusi iliyobaki kwenye mikunjo ya vazi la Bibi ikayeyuka mbele ya macho yake. Nilijisikia mwalimu tena, kama enzi zangu za darasani. Kisha ikapanda harufu ya yai bovu, maana salfa ikitoka hunuka hivyo.

Baba akanusa. "Umeupeleka wapi?"

"Nini, baba?"

"Huo ulioutoa. Umeupeleka wapi?"

"Hakuna kitu, baba. Ni salfa. Ni harufu tu."

"Basi bado umo ndani ya nyumba," akasema, akaanza kufungua madirisha, moja moja, upande wa mbele na wa nyuma. Jioni ile ile alikuwa kibarazani na tofali lake.

Na sasa tumefika kwenye Jumapili zako. Nimechelewa, lakini hapa ndipo nilipokuwa nakuja.

Kila Jumapili anaisimamisha sarafu mbele ya simu, karibu kabisa na kioo, anakuuliza, "Vipi, mwanangu?" Nawe kwa upendo wote unamjibu kwamba bado kuna weusi. Unausema ukweli wa unachokiona. Nilitaka kujua unaona nini. Nilichukua kijiko kipya cha Miên, ambacho hakijaonja hata mchuzi wa samaki, nikakisimamisha mahali pale pale, nikajitazama kwenye simu. Cheusi, dada. Cheusi kama chungu. Kitu kinachong'aa sana hakina rangi yake, kinabeba sura ya kilichoko mbele yake, na kilichoko mbele yake ni ukingo mweusi wa simu na ukumbi wetu wenye giza na zile nguzo nyeusi za mbao. Kadiri baba anavyoing'arisha, ndivyo unavyoona giza zaidi. Ndivyo unavyomwambia asugue zaidi. Miezi minane mmekuwa mkisuguana hivyo na Bibi yuko katikati.

Nilimweleza baba. Nilichukua na kijiko kile nikamwonyesha.

"Utotoni ulisema ni yai," akasema. "Sasa unasema ni simu."

Miên aliangua kicheko, akajuta, akaingia ndani. Nimebishana na madiwani, na wakuu wa shule, na makasisi wawili, na mhariri wangu kila mwezi, na sijawahi kukosa jibu. Ila hapa mzee ana haki. Neno linalotakiwa ni moja, ni lile lako, na mimi nilishalisema siku ambayo halikuwa kweli. Kwake sasa limeoza kinywani mwangu. Naweza kumwambia "Imetakata, baba" mara mia kwa siku, na nimemwambia, naye ananitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama saa iliyosimama.

Narudia mara nyingi lile benchi. Mama hakuamini kwamba benchi lina homa, dada. Hakuwa mjinga. Alimwona mtoto wake amefanya kazi ya kuchua na kuacha katikati, akamfundisha kuimaliza. Hata benchi alilitakia lipone. Nami alichotaka nilifanyie benchi, sikumfanyia yeye. Hapo ndipo elimu yangu yote iliponifikisha, na sitaki uniandikie kunifariji. Ukiniandikia kunifariji nitakujibu kwa ukali.

Shangazi Nhài anakusalimu, anasema usimtumie tena chokoleti, meno yake yamebaki manne na yote ni ya mapambo. Miên anakusalimu wewe na Tuyển, anawawekea tangawizi kavu katika mzigo wa Bi Hường. Mwambie Khuê kwamba yule kuku mweusi aliyempa jina bado yu hai na ana tabia mbaya. Mwambie Lân mjomba wake anamdai barua. Mungu na mababu wakutunzie mikono yako, maana ni mikono ya mama, niliitazama kwenye msiba ulipokuwa unapanga vijiti vya ubani, nikashindwa kukwambia.

Baada ya salamu, sikuombi, nakutaka.

Jumapili ya tarehe kumi na saba, saa tatu asubuhi kwenu, baba atakaa mbele ya simu na atainua sarafu. Tuyển, nawe ukisoma hii, kwa kuwa najua dada atakupa uisome, siku hiyo usipite nyuma yake ukisalimia kwa mzaha, kaa chini. Watoto nao wakae. Thoa, usiitazame sarafu. Simu itakudanganya tena. Tazama kidole gumba kinachoishika, kilivyochanika, kisha mtazame usoni, na useme kwa sauti ile ile ya jikoni, ya kutangaza mnada, isikike hadi kwa Shangazi: "Imetakata."

Sikutumi useme uongo. Uongo nilishausema mimi na umetosha nyumba nzima. Imetakata kweli, dada, imetakata mpaka haina uso.

Baba asipoiweka chini, sema tena. Akiiweka chini, usimsifu wala usimweleze chochote, na usimwambie kwamba nimekuandikia. Sema tu lile lililokuwa likifuata, ambalo mwenye kulisema hayupo tena: "Basi mpeni uji." Miên atakuwa mlangoni na bakuli. Usikate simu mpaka umwone amemeza.

Ndugu yako mdogo, anayekugombeza kwa kuwa hajui namna nyingine ya kukupenda,

Doanh